Mkate unarudi nyumbani kwenye hotipoti

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, na ninafanya kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, kitinda mimba 4. Gari la shule linapita saa 11:45 alfajiri, nami natoka nyuma yao kuwahi daladala. Kwa hiyo naamka saa 10:30.

Kinachonisumbua ni chai ya asubuhi. Huu ni mwaka wa pili kitafunwa cha nyumbani kwangu ni mkate wa slesi na siagi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Watoto wanamega kidogo wanaacha. Basi nikaanza kuwafungia slesi mbili mbili kwenye hotipoti wakale wakati wa mapumziko, saa 4. Jioni nikifungua nakuta mkate umelowa, umenata, haujaguswa. Wiki iliyopita mwalimu wa huyu wa kati alinipigia simu, akasema mtoto anasinzia darasani, na akiulizwa anasema ana njaa. Nililia ndani ya daladala, Shangazi.

Si kwamba sijajaribu. Nilinunua tosta, baba watoto akasema inamaliza umeme wa LUKU, ikapandishwa juu ya kabati. Nikajaribu mkate wa kuchovya kwenye mayai, ukakatikia mkononi, na uliofika kwenye kikaango ukaungua nje huku ndani mbichi. Nikichoma mkate mkavu kwenye kikaango naitwa kufunga vifungo vya sare, nikirudi umeshakuwa mweusi. Huwa naukwangua kwa kisu nawapa. Jirani ananiambia ule weusi unaleta saratani. Ni kweli?

Sasa hivi mama mkwe yuko nasi, ametoka Lushoto, atakaa mpaka mwezi ujao. Hana maneno mabaya hata kidogo, ila kila asubuhi akiona sahani anauliza, "Leo tena mkate?" Na baba watoto naye anapenda kitu kizito, mihogo au chapati. Kupika napenda, lakini saa 10:30 alfajiri sina mikono ya kukanda unga. Nina jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo yenye sehemu ya barafu, blenda, na kikaango kimoja kizito. Mkate ndio ninaoweza kuumudu kwa muda nilionao. Nataka tu uliwe, na usiwe ule ule kila siku. Nianzie wapi?

Mama Watatu, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu.

Ile simu ya mwalimu imeniuma na mimi. Lakini futa machozi, kwa sababu katika barua yako sioni mtoto mkorofi wala mama mvivu. Naona mama anayeanza upya kila alfajiri, mikono mitupu, usingizi machoni, na kitu cha karibu ni kopo la siagi. Mtu yeyote akianza hivyo atapaka siagi. Tosti nzuri inatengenezwa usiku, wakati unapakua chakula cha jioni. Alfajiri kazi yako ibaki mbili tu: kuchoma na kupaka.

Watu wetu wanakijua kiporo tangu zamani. Wali wa jana na chai ya rangi umelea wengi. Basi kiporo hicho hicho kihamishie juu ya mkate. Jioni ukipika maharage au mbaazi za nazi, chota bakuli moja kabla hujaita watu mezani. Iache ipoe, ifunike, iingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu itoke jikoni. Kwa joto la Dar usiilaze mezani mpaka asubuhi, hasa yenye nazi, maana tui linachacha upesi. Ikikaa kwenye friji inafaa kwa siku 2 au 3. Alfajiri itie kwenye sufuria ndogo, iponde kwa mgongo wa mwiko, ichemke mpaka itoe mvuke kote na mchuzi ukauke iwe nzito kama uji wa kulisha mtoto. Paka juu ya slesi iliyochomwa, kamulia limao, nyunyiza kitunguu kilichokatwa nyembamba. Dakika 5 zimetosha. Mombasa mbaazi za nazi na mahamri ni chai ya asubuhi inayoheshimika, na Waingereza wanakula maharage juu ya mkate uliochomwa miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mama mkwe akishangaa kuona mbaazi asubuhi, una la kumwambia.

Hiyo ndiyo tosti ninayotaka uishike kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayomfikisha mwanao saa 4 bila kusinzia. Mkate mweupe na siagi ni wanga na mafuta. Unashiba haraka na njaa inarudi haraka. Maharage, mbaazi, yai, dagaa na karanga vina protini, na hiyo ndiyo inayokaa tumboni. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, slesi moja ya mkate ina kama 2 tu. Weka sheria moja ndani ya nyumba yako: mkate usiende mezani bila kimoja kati ya hivyo vitano. Siagi iwe ya kulainisha, isiwe ndiyo chakula.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Chai ya rangi, hasa iliyokolea, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mbaazi. Mtoto anayesinzia darasani anaweza kuwa na njaa tu, na anaweza pia kuwa na upungufu wa damu. Akiendelea kusinzia hata baada ya kuanza kula vizuri, mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu, ni kipimo cha haraka. Asubuhi ya maharage mpe chungwa au maji ya limao badala ya chai. Vitamini C ya matunda hayo inausaidia mwili kuchukua yale madini. Chai anywe baadaye, ukipita muda wa saa nzima au zaidi tangu ale. Najua nyumba zetu chai ndiyo jina lenyewe la mlo wa asubuhi, lakini kwa watoto jaribu.

Sasa tuje kwenye kuchoma. Kikaango chako kizito kinatosha kabisa. Kiweke kwenye moto wa kati bila mafuta, kipate moto dakika 2. Siagi usiitie kwenye kikaango, ipake kwenye slesi, nyembamba, mpaka kwenye kingo. Laza slesi, ibonyeze kidogo kwa mwiko, ngoja dakika 2, geuza, upande wa pili dakika 1 na nusu. Slesi tatu zinaingia kwa mara moja, ukizipanga vizuri nne. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo, maana umepoteza unyevu na unakauka haraka.

Ile rangi ya dhahabu na harufu inayoamsha nyumba nzima inatokea pale protini na sukari za mkate zinapokutana na moto mkali. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1912, na wapishi mpaka leo wanaliita kwa jina lake. Rangi ya dhahabu ndiyo utamu, na hapo ndipo pa kusimama. Ukipita hapo jirani yako ana hoja. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikichomwa au kukaangwa sana vinatengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi. Wanyama wa maabara waliopewa kwa wingi walipata saratani. Kwa binadamu ushahidi haujakamilika, kwa hiyo usikose usingizi kwa slesi ambazo watoto wameshakula. Ila mkate uliokuwa mweusi usiwape tena, na kukwangua kunapunguza tu, hakumalizi.

Kuna jambo kwenye barua yako linalonifanya nimtetee tosta aliye juu ya kabati. Mkate wako unaungua kwa sababu unaitwa kufunga vifungo. Tosta inajizima yenyewe. Mwoneshe baba watoto hesabu hii kwa upole. Angalia nyuma ya tosta yako imeandikwa wati ngapi, tuseme 800. Slesi sita za watoto ni mizunguko mitatu ya dakika 3, jumla dakika 9. Hiyo ni uniti 0.12. Kwa siku 22 za shule ni uniti 2 na nusu hivi kwa mwezi mzima. Mkate mmoja ukiungua wote na kutupwa, hasara yake mnaiona nyie wenyewe dukani. Tosta iwe ya watoto, kikaango kiwe cha wakubwa na cha mayai.

Mkate wa kuchovya kwenye mayai ulikukatikia kwa sababu tatu, nami naweza kuziona kutoka huku niliko. Mkate ulikuwa mbichi na laini, maziwa yalikuwa mengi, na uliuacha ukae kwenye bakuli. Mikate yetu ya slesi ni laini kama sponji, haivumilii kuloweka. Fanya hivi: kwanza choma slesi kavu, dakika 1 kila upande, ziwe ngumu kidogo bila kubadilika rangi. Kwa slesi sita piga mayai 3 na maziwa nusu kikombe cha chai, yasizidi. Chovya upande mmoja ukihesabu mpaka tano, geuza, hesabu tena mpaka tano, inua ichuruzike, peleka kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Moto uwe mdogo kuliko ule wa mkate mkavu, dakika 3 kila upande, ukibonyeza katikati pasitoe majimaji. Yai la watoto lazima liive lote. Ule uliokuungulia nje na kubaki mbichi ndani ulikuwa na moto mkali, basi.

Kutoka hapo unapata tosti mbili tofauti kabisa. Ya chumvi inakwenda na kitunguu, hoho na karoti iliyokwaruzwa, vyote vidogo sana. Ya tamu, badala ya maziwa tia tui la nazi, hiliki iliyosagwa na kijiko 1 cha chai cha sukari. Usizidishe sukari, inaungua kabla yai halijaiva. Hiyo ya tui na hiliki ina harufu ya kitumbua, na nina hakika kitinda mimba wako ataiomba tena. Ukiwaandikia ndugu wa Zanzibar kwamba umepika mkate wa mayai watakuelewa vingine, maana kwao jina hilo ni la keki ya mayai na sukari inayookwa. Kenya wao wanaiita tosti mayai.

Mama mkwe ametoka Lushoto, na Lushoto ni nchi ya kabichi na karoti. Kwenye mitaa ya Korea Kusini wanauza tosti ya yai lililochanganywa na kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, wanalikaanga kama chapati ya mayai, wanalikunja katikati ya slesi mbili zilizochomwa kwa siagi. Kabichi na karoti zikate usiku, ziweke kwenye kontena. Asubuhi ni mayai 3, konzi mbili za mboga, chumvi na pilipili manga. Baba watoto anayetaka kitu kizito, mpe hiyo, slesi zake zikiwa nene. Nunua mkate usiokatwa, ukate mwenyewe unene wa kidole gumba. Slesi nene ikichomwa inakuwa ngumu nje na laini ndani, inabeba mayai na maharage bila kupinda, na mtu anahisi amekula.

Dagaa pia nisiwasahau. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga na kitunguu, nyanya na limao mpaka zikauke kabisa. Zifanye Jumapili, zitakaa kwenye friji siku 3. Kijiko kimoja juu ya mkate wenye siagi kinatosha. Zinaliwa na mifupa yake, kwa hiyo watoto wanapata kalisiamu ambayo kwenye minofu ya samaki mkubwa ni kidogo tu. Mkubwa wako wa miaka 11 anakua sasa hivi, anaihitaji.

Parachichi linawakatisha watu tamaa kwa sababu wananunua moja gumu wanalisubiri, au matatu laini yanaoza pamoja. Parachichi hukomaa mtini lakini halilainiki mpaka lichumwe. Nunua moja laini la kesho na mawili magumu ya katikati ya wiki. Ukitaka kuyaharakisha, yafunge kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu, ile hewa inayotoka kwenye ndizi inayaivisha. Liponde kwa uma, chumvi, limao, pilipili manga. Limao linachelewesha kule kuwa jeusi. Juu yake weka vipande vya yai la kuchemsha. Mayai yachemshe usiku, dakika 10, yalale kwenye friji na maganda yake.

Asubuhi ambayo hakuna chochote, chukua slesi iliyochomwa ikiwa ngumu, sugua punje ya kitunguu saumu juu yake kama unasugua kwa msasa, kisha sugua nyanya mbivu iliyokatwa katikati mpaka ganda tu libaki mkononi, nyunyiza chumvi na mafuta kidogo. Watu wa Catalonia, Hispania, wanakula hivyo kila siku. Pembeni weka yai.

Sasa hotipoti. Mwanangu, mkate usirudi tena humo. Hotipoti imetengenezwa kuzuia joto lisitoke, na joto la mkate linabeba mvuke. Mvuke unagonga kifuniko, unageuka maji, unarudi kuunyeshea mkate. Ifanyie wali. Tosti ikitoka kwenye moto usiilaze kwenye sahani, isimamishe mbili mbili zikiegemeana kama paa la nyumba, dakika 4 au 5, zipoe. Halafu zifunge kwa karatasi safi au kitambaa kikavu, ziingie kwenye kontena la kawaida.

Na si kila tosti inasafiri. Kutoka saa 11:30 alfajiri mpaka saa 4 asubuhi ni zaidi ya saa 4 kwenye joto. Yai, dagaa, maharage na parachichi viliwe nyumbani kabla ya kutoka. Cha kufunga ni siagi ya karanga. Ndizi usiikatie kabisa, mpe nzima na ganda lake, atajikatia mwenyewe juu ya mkate. Watoto wanapenda kumalizia chakula chao kwa mikono yao, na kisichoguswa na mtu mzima kinaliwa zaidi, hili nimelishuhudia kwa miaka yote niliyopika kwenye kantini.

Siagi ya karanga usiinunue. Vikombe 2 vya karanga, zikaange kwenye moto mdogo mpaka zitoe harufu, zipoe, peta maganda. Kabla ya kukaanga zichambue punje kwa punje. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupa, na ukionja iliyokaangwa ikawa chungu, tema na usizisage hizo mpaka uzichambue tena. Ukungu wa karanga unaleta sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Saga kwenye blenda ukipumzisha mota kila dakika 1. Mwanzo utaona unga, kisha donge, usikate tamaa wala usitie maji, maji yataiharibu. Endelea tu, mafuta yake yatatoka yenyewe na italainika. Chumvi robo kijiko cha chai. Ukitumia kijiko kikavu kila mara, inakaa wiki 3 kwenye friji. Kitinda mimba mpe iliyosagwa laini na ipakwe nyembamba. Punje nzima za karanga asipewe, bado mdogo, zinaweza kumpalia. Asali juu yake ni sawa kwa watoto wako wote, isipokuwa ukitembelewa na mtoto wa chini ya mwaka 1, huyo asionje asali kabisa.

Najua alfajiri ile watoto hawana hamu. Tumbo bado limelala. Usiwalazimishe slesi mbili. Slesi moja ya moto nyumbani, yenye kitu cha maana juu yake, na ya pili ya karanga kwenye kontena. Na usiku waulize: "Kesho ya chumvi au ya tamu?" Swali liwe hilo tu, la vitu viwili ambavyo tayari unavyo. Ukiwauliza wanataka nini watasema chipsi.

Mkate wenyewe usiuhifadhi kwenye sehemu ya baridi ya friji. Ubaridi ule unaugandisha wanga, mkate unakuwa mgumu haraka kuliko ungekaa kabatini. Wa siku 2 ukae kabatini umefungwa. Unaobaki uingie sehemu ya barafu, slesi zimetenganishwa, utatoa za siku hiyo na kuzichoma zikiwa na barafu yake, ongeza nusu dakika. Ukiona doa la ukungu kwenye slesi moja, tupa mkate wote. Mizizi ya ukungu imeshapita ndani usipoiona.

Nimalizie na mama mkwe. Anaposema "leo tena mkate" usimsikie vibaya. Anaona wajukuu hawali, nawe unaona hivyo hivyo. Mpe nafasi. Jioni chemsha viazi vitamu viwili vya ziada na maganda yake, vilale kwenye friji. Asubuhi vikate unene wa sentimita 1, viweke kwenye kikaango kile kile mpaka vishike rangi, paka siagi ya karanga. Ni tosti isiyo na mkate, na yeye atakaa mezani kama yuko kwake. Kazi ya kuchambua karanga mwombe yeye na mjukuu wa kati. Macho ya bibi yanaona punje mbovu ambayo wewe mwenye haraka utaipita. Mihogo na chapati za baba watoto zihamie Jumamosi, siku ambayo gari la shule halipigi honi, na mkande pamoja.

Jumapili hii anza na mbaazi. Zilowekwe tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, zichemshwe mchana, tui zito liingie mwisho kwenye moto mdogo. Na lile bakuli la asubuhi lichote kabla hujaita mtu mezani, maana mbaazi za nazi zikishafika mezani hazibaki.